Bima Ndogo, Bima Kubwa au Bima ya Ajali Binafsi: Mwendesha Pikipiki Achague Ipi?

Wengi wanapokwenda kukatia pikipiki bima huwa na swali moja tu: bima ndogo au bima kubwa? Jibu nalo hutafutwa kwa kuitazama pikipiki yenyewe, kwamba ikiwa mpya ipewe kubwa na ikiwa imechakaa ipewe ndogo. Hesabu hiyo inafaa gari zaidi kuliko pikipiki. Dereva wa gari amezungukwa na bati, amefungwa mkanda na mara nyingi ana mifuko ya hewa mbele yake, hivyo katika ajali nyingi ndogo kinachoharibika ni gari, naye hushuka akiwa mzima. Aliye juu ya pikipiki hana kinga hiyo, na katika mgongano uleule mdogo kinachoumia kwanza ni mguu wake, bega lake au kichwa chake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na takriban mmoja kati ya kila watano miongoni mwao alikuwa kwenye chombo cha moto cha magurudumu mawili au matatu.

Kwa sababu hiyo ulinganisho huu hautaishia kwenye bima ndogo na bima kubwa. Unaiweka mezani pia bima ya ajali binafsi, ambayo wengi huiona kuwa nyongeza ya hiari ya kufikiriwa mwishoni, ilhali kwa mwendesha pikipiki ndiyo inayostahili kufikiriwa mapema kuliko zote baada ya ile inayolazimishwa na sheria.

Kila bima imeandikwa kwa ajili ya nani

Bima ndogo, yaani bima ya mtu wa tatu, ndiyo ambayo sheria za nchi nyingi huilazimisha. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani liliilazimisha kuanzia mwaka 1927, na Uingereza ikafuata kwa sheria ya barabara ya mwaka 1930. Lengo la sheria hizo lilikuwa kuhakikisha kwamba mtu aliyegongwa hakosi fidia eti kwa sababu aliyemgonga hana mali ya kumlipa. Bima hii, basi, tangu mwanzo iliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, si kwa ajili ya aliyeikata. Inalipa majeraha au kifo cha mtu mwingine na uharibifu wa mali yake pale ambapo mwendeshaji ndiye mwenye kosa. Pikipiki ya mwendeshaji hailipwi, na mifupa yake hailipwi. Inasikitisha kuona ni watu wangapi hugundua jambo hili wakiwa tayari wodini, wakiwa wameishi miaka kadhaa wakiamini kwamba stika waliyoibandika inawalinda wao.

Hata bima ndogo zenyewe hazilingani. Zitazame kwa mambo mawili. La kwanza ni kikomo cha malipo: kampuni mbili zinaweza kutoza ada zinazokaribiana, lakini moja ikakinga mali ya mtu mwingine kwa kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria na nyingine ikakinga mara kadhaa ya kiwango hicho. Kiwango cha chini kinaweza kuisha kwa kugonga gari moja la bei kubwa, na kinachobaki humrudia mwendeshaji na mali yake. La pili ni abiria. Katika baadhi ya nchi abiria aliyeketi nyuma ya mwendeshaji huhesabiwa moja kwa moja kuwa mtu wa tatu, na katika nyingine hukingwa tu ikiwa mkataba umemtaja na ada yake imelipwa. Anayembeba mke, mume, mtoto au rafiki yake nyuma asitie saini kabla ya kuonyeshwa kifungu hicho kwa maandishi.

Hatua inayofuata ni bima ya mtu wa tatu, moto na wizi. Hii inaongeza kinga dhidi ya pikipiki kuungua au kuibwa, lakini haigusi uharibifu unaotokana na kuanguka au kugongana. Baada yake ndipo huja bima kubwa, ambayo hujumlisha yote yaliyotangulia na kuongeza uharibifu wa pikipiki yenyewe kwa ajali, hata pale ambapo mwendeshaji ndiye aliyekosea au ambapo hakuna mtu mwingine aliyehusika, kwa mfano anapoteleza kwenye mchanga au mafuta yaliyomwagika njiani.

Bima ya ajali binafsi ina msingi tofauti kabisa na hizo tatu. Bima za mali hulipa hasara iliyotokea na si zaidi ya hapo, ili mwenye bima arudishwe alipokuwa kabla ya ajali bila kupata faida. Bima ya ajali binafsi hulipa kiasi kilichokubaliwa tangu mwanzo, kwa kuwa hakuna anayeweza kuupangia mguu bei ya soko. Mkataba huwa na jedwali linaloonyesha asilimia ya kiasi hicho kwa kila aina ya madhara: kifo na upofu wa macho yote mawili kwa kawaida hulipwa asilimia 100, kupoteza jicho moja au kiungo kimoja mara nyingi ni asilimia 50, na vidole huwa na asilimia ndogo zaidi. Malipo hayategemei nani alikosea. Hilo ndilo linaloipa thamani ya pekee kwa mwendesha pikipiki, ambaye baadhi ya ajali zake humpata akiwa peke yake bila mtu wa kumdai.

Ajali moja, mikataba minne

Tofauti za bima hizi huonekana vizuri zaidi zikipitishwa kwenye tukio moja. Pikipiki inakwenda moja kwa moja kwenye makutano ya barabara, nyuma kuna abiria mmoja. Gari linalotoka upande wa mbele linakata kona na kuingia kwenye njia yake. Mwendeshaji anafunga breki, gurudumu la mbele linateleza, na pikipiki inaugonga mlango wa gari. Uma wa mbele umepinda, tangi limebonyea, taa imevunjika. Mwendeshaji amevunjika mguu chini ya goti na hatafanya kazi kwa miezi kadhaa. Abiria ameteguka kifundo cha mkono. Mlango wa gari umeingia ndani.

Tuseme kwanza kwamba dereva wa gari ndiye mwenye kosa, na ana bima. Hapo aina ya bima aliyonayo mwendesha pikipiki haina uzito mkubwa sana, kwa sababu fidia ya wote wawili na ya pikipiki hudaiwa kwenye bima ya gari. Tofauti ni mwendo wa shauri. Mwenye bima ndogo atafuatilia dai lake mwenyewe dhidi ya kampuni ambayo haina mkataba naye na haina haraka naye. Mwenye bima kubwa ataipeleka pikipiki yake kwenye kampuni yake, itengenezwe, na kampuni hiyo ndiyo itakayokwenda kudai fedha zake kwa bima ya gari. Mwenye bima ya ajali binafsi atalipwa kwa jedwali lake bila kungoja mzozo wa nani alikosea umalizike, na malipo hayo kwa kawaida hayamzuii kudai fidia kamili kwa mwenye kosa.

Sasa tuseme dereva amekimbia na hajulikani, au amepatikana lakini hana bima. Mwenye bima ndogo hapa hana cha kushika kwenye mkataba wake. Nchi kadhaa zina mfuko au taasisi ya kuwafidia waliogongwa na magari yasiyo na bima au yasiyojulikana. Ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1946 na huendeshwa na kampuni za bima zenyewe. Mifuko ya namna hii ni msaada mkubwa, lakini huwa na masharti ya muda, huhitaji taarifa ya polisi, na mingine hulipa majeraha tu bila mali. Mwenye bima kubwa atatengenezewa pikipiki, ingawa anaweza kupoteza punguzo lake la kutodai, yaani nafuu ya ada anayopewa asiyedai, kwa sababu hakuna wa kudaiwa gharama hizo. Mguu wake, hata hivyo, bado uko nje ya mkataba, isipokuwa kama bima hiyo kubwa ina kipengele cha ajali binafsi ndani yake. Mara nyingi kipengele hicho kipo, lakini kiasi chake ni kidogo mno, pengine kisichotosha upasuaji mmoja, na muuzaji hukitaja kwa sauti kubwa kuliko kinavyostahili.

Hali ya tatu ndiyo inayopima bima kikweli: mwendesha pikipiki ndiye aliyekosea, labda alipita taa nyekundu. Bima ndogo italipa mlango wa gari, na italipa kifundo cha mkono cha abiria ikiwa abiria amekingwa. Bima ya moto na wizi haitaongeza lolote. Bima kubwa itaongeza uma, tangi na taa. Gharama za mguu uliovunjika na miezi bila kipato hazitalipwa na yoyote kati ya bima hizo tatu kwa kiwango cha maana, kwa kuwa mtu hawezi kujidai fidia mwenyewe. Ni bima ya ajali binafsi, ya matibabu na ya kipato pekee zinazofika hapo.

Kwa hiyo anayelinganisha ada ya bima ndogo na ya bima kubwa alinganishe pia na njia ya tatu: bima ndogo yenye kikomo kikubwa, pamoja na bima ya ajali binafsi ya kiasi cha kutosha. Kwa pikipiki ya umri wa kati njia hiyo mara nyingi hugharimu chini ya bima kubwa au karibu nayo, na kwa maoni yangu humlinda mwendeshaji na familia yake vizuri zaidi.

Bima ya mwili ina mitego yake

Kabla ya kununua bima mpya ya ajali binafsi, mwendeshaji azitoe kwanza zile alizonazo tayari na kuzisoma: bima ya afya ya kazini, bima ya maisha, bima ya mkopo, bima ya safari. Baadhi ya mikataba ya ajali binafsi huorodhesha pikipiki miongoni mwa mambo yasiyokingwa, pamoja na kuruka kwa mwavuli na kupanda milima. Mingine hukinga anayebebwa tu na si anayeendesha. Bima za safari mara nyingi huweka kikomo cha ukubwa wa injini, na kikomo kinachoonekana mara kwa mara ni sentimita za ujazo 125, kisha hudai leseni ya daraja la pikipiki na kofia ngumu kichwani. Mtalii anayekodi pikipiki kubwa ugenini kwa leseni ya gari huwa ameivunja bima yake kabla hajawasha injini.

Bima ya ajali binafsi iliyoandikwa mahsusi kwa waendesha pikipiki hutofautiana na nyingine kwa mambo matatu yanayofaa kupimwa kwa makini. Kwanza, je, inalipa ulemavu wa muda, au inalipa kifo na ulemavu wa kudumu pekee? Mguu uliovunjika na kupona baada ya miezi sita si ulemavu wa kudumu, na mkataba usio na malipo ya kila wiki kwa muda wa kuuguza jeraha hautatoa chochote kwa ajali ya kawaida kabisa ya pikipiki. Pili, malipo ya kila wiki huanza lini? Mikataba mingine huanza baada ya siku 7, mingine baada ya 14 au 30, na kadiri siku za kusubiri zinavyokuwa nyingi ndivyo ada inavyopungua. Mwenye akiba ya mwezi mmoja anaweza kuchagua kusubiri zaidi na kuielekeza fedha anayookoa kwenye kiasi kikubwa cha ulemavu wa kudumu. Anayeishi kwa kipato cha siku kwa siku hawezi. Tatu, gharama za matibabu zinalipwa moja kwa moja hospitalini au mgonjwa hulipa kwanza kisha akarudishiwa? Sharti la kulipa kwanza linaweza kuchelewesha upasuaji ambao haupaswi kucheleweshwa.

Kofia ngumu nayo ina nafasi yake katika hesabu ya bima, mbali na kazi yake ya kuokoa maisha. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kofia inayovaliwa ipasavyo hupunguza hatari ya kifo zaidi ya mara sita na hatari ya jeraha la ubongo kwa hadi asilimia 74. Mikataba mingi ya ajali binafsi huifanya kuwa sharti la malipo. Na hata pale ambapo dai ni dhidi ya mtu mwingine mwenye kosa dhahiri, kutovaa kofia kunaweza kumpunguzia fidia aliyeumia: mwaka 1972 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilimpunguzia asilimia 15 mwendeshaji aliyegongwa bila kosa lake, kwa sababu jeraha la kichwa lingekuwa dogo angekuwa ameivaa.

Bima kubwa inalipa nini hasa pikipiki ikiharibika

Neno la kwanza la kutafuta katika bima kubwa ni namna thamani ya pikipiki itakavyokadiriwa. Mikataba mingi hulipa thamani ya soko siku ya ajali, yaani bei ambayo pikipiki kama hiyo, ya umri huo na hali hiyo, ingeuzwa siku moja kabla. Michache hulipa thamani iliyokubaliwa, ambayo mwenye bima na kampuni waliiandika mwanzoni mwa mwaka na haibadiliki. Thamani ya soko ina ada nafuu na inamtosha mwenye pikipiki ya kawaida. Thamani iliyokubaliwa inamfaa mwenye pikipiki ya zamani iliyotunzwa, au iliyofanyiwa marekebisho mengi, ambayo soko halina bei yake ya wazi.

Pikipiki huhesabiwa kuwa imeharibika kabisa upesi kuliko gari. Uma ukipinda na fremu ikiguswa kidogo tu, mkadiriaji anaweza kuamua kwamba gharama za matengenezo zinakaribia mno thamani ya pikipiki, na hapo mwenye bima hulipwa fedha badala ya kutengenezewa. Aliyeinunua kwa mkopo anaweza kulipwa kiasi kilicho chini ya deni lililobaki, akabaki analipia pikipiki ambayo haipo. Mkopeshaji kwa kawaida hudai bima kubwa na hutajwa kuwa wa kwanza kulipwa. Mkopaji naye aulize kama kuna nyongeza ya kufidia pengo hilo, hasa katika mwaka wa kwanza ambapo bei ya pikipiki mpya hushuka kwa kasi.

Wapo wanaotaja thamani ndogo kuliko ya kweli ili ada ishuke. Jambo hili lina adhabu ambayo wauzaji wa bima hawaielezi vya kutosha. Chukua pikipiki yenye thamani ya 100 iliyokatiwa bima ya 60. Ikipata hasara ya 40, mwenye bima hudhani atalipwa 40, kwa kuwa ni chini ya 60. Pale ambapo mkataba una kifungu cha uwiano, kampuni italipa asilimia 60 ya hasara, yaani 24, kisha itakata humo sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hujilipia mwenyewe. Mwendeshaji ameokoa kidogo kwenye ada na kupoteza karibu nusu ya dai.

Sehemu hiyo ya kujilipia ndiyo namba inayobadilisha ada kuliko nyingine yoyote ambayo mnunuzi anaweza kuichagua mwenyewe. Ikiwa ndogo, ada hupanda. Ikiwa kubwa, ada hushuka. Ipimwe kwa swali moja: je, kesho asubuhi unaweza kuitoa mfukoni bila kukopa? Kama huwezi, punguzo la ada linalokuja nayo ni la karatasi tu. Waendeshaji wapya na wenye umri mdogo mara nyingi huongezewa sehemu ya pili juu ya ile ya kawaida, na hiyo haitajwi kwenye tangazo la bei.

Halafu kuna punguzo la kutodai. Tuseme ada kamili ni 100 na mwendeshaji amefikia punguzo la asilimia 30, hivyo analipa 70. Anaanguka, na matengenezo ni 45, huku sehemu yake ya kujilipia ikiwa 20. Akidai, kampuni italipa 25, lakini mwaka ujao atarudi kwenye 100 na kupoteza 30, na huenda ikamchukua miaka kadhaa kulirejesha punguzo lote. Dai hilo ni afadhali alilipe mwenyewe, ingawa mikataba mingi bado humtaka atoe taarifa ya tukio hata asipodai. Anayejiona kuwa atalipia mwenyewe hasara ndogo zote ana sababu nzuri ya kuchagua sehemu kubwa ya kujilipia tangu mwanzo.

Vitu vilivyo juu ya pikipiki na juu ya mwendeshaji aghalabu havimo. Sanduku la nyuma, kishikio cha simu, taa za ziada, koti, glavu, buti na kofia hukingwa tu vikitajwa, na marekebisho ya ekzosi au injini yasiyotajwa yanaweza kuiharibu bima yote. Kofia iliyopata kishindo hubadilishwa hata kama haionyeshi ufa, hivyo nyongeza ndogo inayoilipia ni miongoni mwa nyongeza chache ambazo ningezipendekeza kwa karibu kila mtu.

Wizi

Pikipiki ni nyepesi. Watu wawili wanaweza kuinyanyua na kuipakia kwenye gari huku usukani ukiwa umefungwa, na ndiyo maana kifungu cha wizi huja na masharti mengi kuliko kile cha gari. Kampuni inaweza kudai kufuli ya aina iliyoidhinishwa, mnyororo uliofungwa kwenye kitu kisichohamishika, king'ora au kifaa cha kufuatilia, na mahali maalumu pa kulala. Ikiwa mwenye bima aliandika kwamba pikipiki hulala ndani ya ua uliofungwa na ikaibwa usiku ikiwa barabarani, dai linaweza kukataliwa au kupunguzwa. Ufunguo ukiachwa kwenye swichi, hata kwa dakika moja ya kuingia dukani, mikataba mingi hailipi. Pia wizi wa pikipiki nzima na wizi wa vipuri vyake ni mambo mawili, na mikataba kadhaa hukinga la kwanza pekee.

Bima ya mtu wa tatu, moto na wizi, ile ya kati, inamfaa nani, basi? Inamfaa mwenye pikipiki ambayo anaweza kuitengeneza mwenyewe ikianguka lakini hawezi kununua nyingine ikiibwa. Kundi hilo ni kubwa, na mara nyingi husukumwa kwenye bima kubwa bila kuambiwa kwamba chaguo hili lipo. Kwa asiye na mahali salama pa kuilaza, ada yake inaweza kukaribia sana ile ya bima kubwa, na hapo haina tena sababu ya kuchaguliwa.

Matumizi yaliyoandikwa na matumizi ya kweli

Kwenye ukurasa wa mbele wa mkataba, karibu na namba ya pikipiki, huwa na mstari mmoja mfupi unaoeleza matumizi. Mstari huo ndio unaoangusha madai mengi. Matumizi binafsi hayajumuishi kubeba abiria kwa malipo, na kubeba abiria kwa malipo hakujumuishi kusambaza mizigo au vyakula. Hata kwenda kazini kila siku, katika baadhi ya nchi, hutofautishwa na matembezi ya kawaida. Anayebeba abiria wa kulipa akiwa na bima ya matumizi binafsi anaweza kujikuta kampuni inamlipa aliyegongwa, kwa sababu sheria inailazimisha, kisha inamgeukia yeye na kumdai fedha zote ilizotoa.

Ada ya biashara ni kubwa, nami naelewa uzito wake kwa mtu anayetegemea pikipiki kupata riziki. Lakini ni mtu huyohuyo anayekaa barabarani saa nyingi kuliko wengine wote na ambaye abiria wake ni mgeni asiyejulikana anayeweza kumshtaki. Kwake yeye abiria aliyetajwa kwenye mkataba ni lazima, na malipo ya kila wiki ya ajali binafsi yana maana kuliko tangi lililonyooshwa. Anayefanya kazi kupitia programu ya simu aulize waziwazi kama kampuni ya programu humkinga, tangu sekunde gani hadi sekunde gani: mara nyingi kinga huanza anapokubali safari na kukoma anapomaliza, na muda wa kuzunguka akisubiri kazi hubaki wazi.

Mkataba pia huwa na orodha ya wanaoruhusiwa kuendesha. Pikipiki huazimwa kwa urahisi, na bima iliyokatwa kwa mwendeshaji mmoja hailipi uharibifu ikiwa ndugu yake ndiye aliyeiangusha. Leseni ni lazima iwe ya daraja la pikipiki na iwe haijaisha muda. Hapa ndipo ukweli kamili wakati wa kujaza fomu unapohitajika: ajali za nyuma, marekebisho na mahali pa kulaza pikipiki visemwe vyote, kwa kuwa jibu lisilo la kweli linaweza kuipa kampuni njia ya kuukataa mkataba mzima.

Namna ningeshauri kila mmoja achague

Kwa pikipiki mpya au ya mkopo, bima kubwa haina mjadala, ila sehemu ya kujilipia ipandishwe hadi kiasi ambacho mtu anakimudu na akiba inayopatikana iende kwenye ajali binafsi. Kwa pikipiki ya umri wa kati inayolala mahali salama na isiyo na deni, ningechukua bima ndogo yenye kikomo kikubwa, abiria akiwemo, na bima ya ajali binafsi yenye malipo ya kila wiki. Ikiwa inalala nje, aina ya moto na wizi iombewe bei. Kwa pikipiki iliyochakaa, ambayo sehemu ya kujilipia ingekaribia nusu ya thamani yake, bima kubwa ni fedha inayopotea, na kila kinachookolewa kielekezwe kwenye mwili wa mwendeshaji na wa abiria wake.

Anayevuka mipaka ahakikishe mkataba wake unamfuata: Ulaya na nchi jirani hutumia Kadi ya Kijani kuthibitisha bima ya mtu wa tatu ugenini, na kadi hiyo haimaanishi kwamba bima kubwa nayo imevuka mpaka.

Bei kutoka kwa kampuni mbalimbali zilinganishwe zikiwa na kikomo kilekile, sehemu ileile ya kujilipia na matumizi yaleyale, vinginevyo iliyo nafuu huwa imepunguza kitu mahali fulani. Dalali wa bima, tofauti na wakala wa kampuni moja, anaweza kukusanya bei hizo kwa niaba ya mnunuzi. Na kabla pikipiki haijatoka, mnunuzi athibitishe kwa kampuni yenyewe, au kwenye mfumo wa taifa pale ulipo, kwamba namba ya usajili, namba ya fremu, tarehe ya kuanza na matumizi yaliyoandikwa ni sahihi, kwa kuwa kosa la tarakimu moja hurekebishwa kwa dakika chache kabla ya ajali na kwa miezi baada yake.